Kila Siku Ina Hesabu Yake: Mahakama za Juu na Ucheleweshaji wa Mashauri ya Madai

(Mada hii ilitolewa kwa wasaidizi wa kisheria, wajumbe wa mabaraza ya kata na viongozi wa vikundi vya maendeleo waliokutana Igowole, wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Tunaichapisha kwa manufaa ya wasomaji wetu wote wa Nyanda za Juu Kusini.)



Nimeombwa nizungumzie jinsi Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinavyoshughulikia ucheleweshaji katika mashauri ya madai. Najua wengine mmeguna mliposikia kichwa cha mada. Mtu wa Igowole na Mahakama ya Rufani wapi na wapi? Lakini naomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili limeshawafikia wengi wetu milangoni bila wao kujua jina lake.

Sote tunaona jinsi thamani ya ardhi ilivyopanda katika wilaya yetu. Kipande cha kilima ambacho babu alikiacha pori, leo kina miti ya mbao au kinatamaniwa na mtu wa kupanda miti. Pale tulipokuwa tukigawana kwa maneno, sasa tunagombana. Ndugu wanagombea mirathi, majirani wanagombea mpaka, na shamba moja linauzwa kwa watu wawili. Mgogoro unafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mmoja anashindwa. Anarudi nyumbani, anatafuta gunia la mahindi la kuuza apate nauli, mvua inaharibu barabara, mgonjwa yupo ndani. Akija kumpata mtu wa kumwandikia rufaa, siku zimekwisha. Anaambiwa amechelewa. Hapo hata kama shamba lilikuwa lake kweli kweli, hakuna anayeuliza tena habari za shamba. Swali limebadilika, limekuwa: ulikuwa wapi siku zote hizo?

Ninachotaka mkibebe kutoka hapa leo ni hiki. Mahakama za juu haziko kwa ajili ya kumnyonga aliyechelewa. Zinaweza kumwongezea muda, na mara nyingi zimefanya hivyo. Lakini zinamtaka atoe hesabu ya kila siku, na hesabu hiyo haitolewi kwa machozi bali kwa ushahidi.

Katiba inasemaje

Mwaka 2000 Katiba ya nchi yetu ilifanyiwa mabadiliko ya kumi na tatu, na ikaingizwa Ibara ya 107A. Ibara hiyo inaziagiza mahakama mambo kadhaa zinapoamua mashauri. Katika hayo, matatu yanatuhusu leo. La kwanza, zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. La pili, zikuze usuluhishi baina ya wanaogombana. La tatu, zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kuikwamisha.

Ukisoma haraka unaweza kuona kama agizo la kwanza na la tatu yanapingana. Moja linasema kesi iende haraka. Jingine linasema usimfukuze mtu kwa kosa dogo la utaratibu. Ukimfukuza, kesi inakwisha leo lakini haki haijatendeka. Ukimsamehe, kesi inarefuka na yule aliyeshinda anaendelea kusubiri. Kazi kubwa ya mahakama za juu katika eneo hili ni kupima kati ya hayo mawili.

Siku zenyewe ni ngapi

Kabla ya kuzungumzia kuchelewa, tujue tunachelewa wapi. Nitataja muda tu, sitataja namba za vifungu, kwa sababu sheria zetu zimechapishwa upya katika toleo la 2023 lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba nyingi tulizozizoea zimebadilika.

(a) Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya: siku 30.

(b) Shauri hilo hilo likitoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu: siku 30.

(c) Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa shauri lililoanzia hapo, kwenda Mahakama Kuu: siku 45.

(d) Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kwa shauri la madai lililoanzia hapo na kutolewa tuzo, kwenda Mahakama Kuu: siku 90.

(e) Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu kutoa taarifa hiyo.

Wajumbe wa mabaraza ya kata mliopo hapa mkumbuke pia kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30. Likishindwa, mhusika anaruhusiwa kwenda Baraza la Wilaya. Mkikalia suala la mtu miezi sita huku mnasema “njoo wiki ijayo”, ucheleweshaji umeanzia kwenu, haujaanzia Iringa mjini.

Habari ya kusubiri nakala

Hapa watu wengi huanguka, kwa hiyo tuende taratibu. Kwa rufaa za aina ya (c) na (d), mtu anahitaji nakala ya hukumu na ya tuzo. Sheria ya Ukomo inasema siku alizokuwa akisubiri nakala hizo zinatolewa katika hesabu. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifafanua kwamba siku hizo zinatolewa zenyewe, bila kulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda, mradi kumbukumbu zionyeshe ni lini mtu aliomba nakala na ni lini alipewa.

Tuchukue mfano. Hukumu imetolewa tarehe 3 Machi. Siku 45 zinaishia tarehe 17 Aprili. Mama mmoja aliandika barua ya kuomba nakala tarehe 5 Machi, akabaki na nakala ya barua yenye mhuri, na akapewa hukumu tarehe 20 Aprili. Ukihesabu bila kuangalia barua, ameshachelewa. Ukiitazama barua, ana siku zaidi ya 40 mbele yake. Jirani yake aliyekwenda kuomba kwa mdomo dirishani, akaambiwa “bado haijachapwa”, akarudi nyumbani, hana cha kuonyesha. Wote wawili wamesubiri muda ule ule. Kilichowatofautisha ni karatasi moja yenye mhuri.

Lakini angalieni sana: kwa mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, sheria hailazimishi kuambatisha nakala ya hukumu unapokata rufaa. Kwa hiyo asikudanganye mtu usubiri nakala huku siku 30 zinapita. Peleka rufaa kwanza.

Aliyechelewa anaulizwa nini

Sasa tuseme muda umepita kweli. Njia iliyopo ni kuomba kuongezewa muda. Kwa kawaida maombi hupelekwa katika mahakama ile ile ambayo rufaa ingepelekwa, yakiambatana na hati ya kiapo inayoeleza sababu. Jaji ana hiari ya kukubali au kukataa, ila hiari hiyo haitumiki kama mtu apendavyo. Katika shauri la Kampuni ya Lyamuya Construction dhidi ya Bodi ya Wadhamini ya chama cha YWCA Tanzania, maombi ya madai namba 2 ya mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilikusanya mambo manne ya kuangalia. Leo karibu kila uamuzi wa maombi ya aina hii huyarejea.

Kwanza, mwombaji atoe maelezo ya muda wote aliochelewa.

Pili, kuchelewa kwenyewe kusiwe kwa kupita kiasi.

Tatu, aonyeshe bidii, yaani asiwe mzembe, asiyejali au mwenye kufanya mambo ovyo ovyo.

Nne, kama ipo sababu nyingine nzito, kwa mfano kuna jambo la kisheria la maana sana katika uamuzi unaolalamikiwa, kama vile kwamba uamuzi wenyewe ni kinyume cha sheria.

Katika jambo la kwanza Mahakama ya Rufani haina mzaha. Kabla ya shauri la Lyamuya ilishatamka katika maombi ya mwaka 2007 kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo, kwani vinginevyo hakuna maana ya kuweka kanuni za muda.

Turudi kwa yule mama. Tuseme aliugua, akalazwa, muda wake ukaisha tarehe 3 Juni akiwa bado hospitali. Akatoka tarehe 10 Juni na vyeti vyake vyote. Akapeleka maombi ya kuongezewa muda tarehe 30 Juni. Akieleza ugonjwa, ataeleweka, kwa sababu ugonjwa uliothibitishwa ni jambo lililo nje ya uwezo wa binadamu. Lakini jaji atauliza: kutoka tarehe 11 hadi 30 Juni ulikuwa unafanya nini? Hizo ni siku 20. Kama alikuwa anatembelea kliniki, alete kadi. Kama alikuwa anatafuta msaada wa kisheria, msaidizi wa kisheria aape kiapo chake. Akinyamaza kuhusu siku hizo 20, vyeti vya hospitali havitazijaza.

Sababu zinazopokelewa na zisizopokelewa

Kwa yale yaliyokwisha kuamuliwa, kutojua sheria hakupokelewi kama sababu. Uzembe wa wakili nao kwa kawaida haupokelewi. Katika shauri la Kampuni ya Calico Textile Industries, lililoripotiwa mwaka 1983, wakili kushindwa kuangalia sheria vizuri hakukuwa sababu ya kutosha. Hili linaumiza, maana mwananchi anaona amelipa ada, kosa si lake. Ndiyo maana tunawaambia watu: ukishamkabidhi wakili kesi, usilale. Mpigie simu, muulize tarehe, omba stakabadhi.

Kwa upande mwingine, mahakama zinatofautisha kuchelewa kwa kweli na kuchelewa kwa kiufundi. Katika shauri kati ya Fortunatus Masha na William Shija, lililoripotiwa mwaka 1997, rufaa ya awali ilikuwa imewasilishwa ndani ya muda lakini ikaondolewa mahakamani kwa kasoro. Mahakama ilisema mtu wa namna hiyo si sawa na aliyekaa tu nyumbani. Ameshaadhibiwa kwa rufaa yake kuondolewa, kwa hiyo akirudi haraka asiadhibiwe mara ya pili. Neno la kushika hapo ni “haraka”.

Kuhusu uamuzi kuwa kinyume cha sheria, shauri la Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi dhidi ya Devram Valambhia, lililoripotiwa mwaka 1992, liliweka msingi kwamba hiyo yaweza kuwa sababu ya kutosha ya kuongeza muda. Mfano ni mtu kuhukumiwa bila kusikilizwa, au shauri kuamuliwa na chombo kisicho na mamlaka. Lakini shauri la Lyamuya liliongeza sharti: kasoro hiyo ionekane wazi kwenye kumbukumbu, siyo ya kutafutwa kwa hoja ndefu. Kulalamika tu kwamba hakimu hakumwamini shahidi wako hakutoshi.

Makosa ya utaratibu na mabadiliko ya mwaka 2018

Kwa miaka mingi wananchi walikuwa wakiona rufaa zinaondolewa kwa sababu ya tarehe iliyokosewa kwenye tuzo au kifungu kilichotajwa vibaya. Rufaa inaondolewa, inaanza upya, inaondolewa tena. Kesi inafika miaka kumi na hakuna aliyeuliza shamba ni la nani.

Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria namba 8, iliyorekebisha sheria mbalimbali. Iliingiza katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai na katika sheria inayoongoza rufaa za Mahakama ya Rufani lengo kuu: mashauri yaamuliwe kwa haki, kwa haraka, kwa gharama nafuu na kwa kadiri ya uzito wake. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, ikikaa Mwanza, Mahakama ya Rufani iliitumia kanuni hiyo katika shauri la ardhi kutoka Tarime lililoanzia Baraza la Kata. Aliyeshindwa alilalamikia jinsi baraza lilivyokaa na nani aliongoza kikao. Mahakama haikuona kwamba kasoro hizo zilimnyima mtu haki, na rufaa ikatupwa. Aliyeshinda kule kwenye kata akabaki na ushindi wake.

Watu walifurahi, wengine wakadhani sasa kanuni zote zimekufa. Haikuchukua miezi mitatu. Desemba 2018, katika shauri la Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi dhidi ya Kampuni ya Bia Tanzania na wenzake, Mahakama hiyo hiyo ilisema kanuni ya lengo kuu haiwezi kutumika kwa kufumba macho dhidi ya masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Kwa maneno yetu ya kijijini: kosa la kalamu litasamehewa, lakini hatua uliyoiruka haigeuki kuwa kosa la kalamu. Na muda ni moja ya hatua hizo za msingi.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Wenzetu wa Kenya waliingiza kanuni kama hiyo katika sheria yao mwaka 2009, na Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 159, nayo inasema haki isicheleweshwe na isizingatie mno ufundi wa utaratibu. Hata hivyo Mahakama ya Juu ya Kenya, mwaka 2014, katika shauri la Nicholas Salat dhidi ya tume ya uchaguzi, ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu. Anayeomba ndiye mwenye mzigo wa kuridhisha mahakama.

Kesi isiyokwisha kuahirishwa

Upo ucheleweshaji mwingine, ule wa kesi iliyo ndani lakini haisogei. Mdai hayupo, wakili ana kesi nyingine, shahidi hakupata nauli. Sheria inampa hakimu uwezo wa kukataa maombi ya kuahirisha yasiyo na sababu, kumtoza gharama anayechelewesha, kufuta shauri la mdai asiyefika, au kusikiliza upande mmoja. Shauri lako likifutwa kwa kutofika, una siku 30 za kuomba lirudishwe, na utaulizwa sababu zile zile.

Bunge nalo limepunguza ngazi. Mwaka 2023 lilifuta sharti la kuomba ruhusa kabla ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani katika mashauri ya madai. Zamani ruhusa hiyo pekee ilikuwa kesi ndani ya kesi. Kilichobaki ni kwamba mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo bado yanahitaji hati ya Mahakama Kuu inayothibitisha kuwa kuna hoja ya kisheria. Aidha, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria, jambo linalomsaidia mtu kusoma hukumu yake mwenyewe bila kutafuta mkalimani.

Kama anayechelewesha ni mahakama yenyewe, usinung'unike barabarani. Andika barua ya heshima kwa Hakimu Mfawidhi, na ikishindikana kwa Jaji Mfawidhi wa Mahakama Kuu, ambaye ana mamlaka ya kuita jalada na kutoa maelekezo. Kwa malalamiko ya mwenendo mbaya wa hakimu zipo kamati za maadili za wilaya na mkoa, zinazoongozwa na Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011.

Kazi yetu sisi wasaidizi wa kisheria

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua, lakini sisi si mawakili na hatuwezi kusimama mahakamani badala ya mtu. Tunachoweza ni hiki, na hakihitaji shahada.

Mteja akija, swali la kwanza liwe: hukumu ilitoka tarehe ngapi? Kabla hajaanza kusimulia ugomvi ulivyoanza, andikeni tarehe hiyo na mhesabu siku ya mwisho. Mwandikieni barua ya kuomba nakala siku hiyo hiyo, na ahakikishe nakala yake imegongwa mhuri. Mpeni daftari dogo aandike kila safari ya kwenda Mafinga au Iringa: tarehe, ofisi aliyoingia, alichoambiwa. Ahifadhi tiketi za basi, kadi za kliniki, stakabadhi za malipo. Na kama anasema karani fulani alimwambia jambo, ajue kwamba Mahakama ya Rufani inataka mtu huyo naye aape kiapo chake. Maneno ya kusikia hayatoshi.

Mwisho, ndugu zangu, tusimwonee huruma mmoja tukamsahau mwingine. Katika kila shauri kuna watu wawili. Siku anazoongezewa aliyechelewa hazitoki mbinguni, zinatoka kwa yule aliyeshinda, ambaye naye hajalima, hajapanda, hajui kama atajenga. Ndiyo maana majaji wanauliza hesabu kabla ya kugawa muda usio wao. Mwenye kesi ya kweli asiione hesabu hiyo kuwa adui yake. Aiandae tangu siku ya hukumu, siyo siku anapoambiwa amechelewa.